Kontena Limeshatangulia

Kila picha ya behewa kuukuu lililogeuzwa mkahawa ikipita kwenye simu zetu, hakosekani wa kuuliza: na sisi Kayanga, huku Karagwe, lini? Jibu langu ni kwamba bado, na wala si kwa sababu tumelala.

Chukua Village Underground ya London, iliyofunguliwa mwaka 2007. Mabehewa yaliyostaafu ya njia ya Jubilee yalipandishwa juu ya paa la jengo huko Shoreditch, yakawa ofisi za wasanii. Behewa lilipatikana kwa bei ya kutupa, na ardhi ya mji ule haishikiki. Walichotafuta ni nafasi; urembo ulikuja baadaye.

Sisi nafasi tunayo. Reli ndiyo hatuna. Behewa la reli ya kati lingeshushwa Isaka, lipakiwe kwenye semi, lizunguke hadi Benaco, kisha lianze kupanda milima kuja Omurushaka, kreni ikilipwa kupakia na kulipwa tena kushusha. Kwa gharama hiyo naamini mtu angejenga fremu za matofali akazipaua, na chenji ikabaki.

Kontena la duka limelipita behewa kwa akili. Tupu, lile la futi 20 lina tani mbili na ushee. Fundi wa kuchomelea analitoboa dirisha, anaweka nondo na kaunta, biashara inaanza. Dar es Salaam mwenye duka kama hilo huiva pamoja na bidhaa zake. Baridi ya Karagwe inamhurumia. Zaidi ya yote, linabebeka. Aliyewahi kuamka akakuta X nyekundu ukutani kwake, kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, hahitaji kuelezwa thamani ya duka linaloweza kuhama. Behewa likishatua limetua.

Halafu, mkahawa huo ungeuza nini? Huku kahawa tunaitafuna. Mgeni anakaribishwa kwa buni zilizochemshwa zikakaushwa, lakini akienda hotelini akaagiza kikombe analetewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. (Kopo lenyewe huenda ni la Tanica ya Bukoba, tusijidharau sana.) Mwenye kukaanga kahawa ya Kyerwa na kuipika vizuri atapata wateja hata chini ya turubai. Asiyejua kuipika, behewa halitamwokoa.

Hata hivyo nina ombi kwa Shirika la Reli. Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na siku itafika ambapo mabehewa mengi ya reli ya zamani yatawekwa kando. Masharti ya kuyauza yatangazwe mapema, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajapanga bei wao kwa wao. Yauzwe pia kwa vipande: viti, madirisha, vishikio vya mizigo, mbao. Hivyo vinaenea kwenye Fuso linalorudi Karagwe baada ya kushusha ndizi, na vikifungwa ndani ya kontena la futi 40 vinatosha kabisa. Na kila kipande kitoke na risiti yenye mhuri, maana kukutwa na chuma cha reli bila karatasi ni safari ya polisi, na hakuna fundi wa Omurushaka atakayekubali kukigusa.