Mambo ya Nyumbani: Kuku Anayeatamia Kiota Kitupu

Mwezi huu twataka kuwaeleza jambo dogo la uani, ambalo huwapunguzia watu wengi chakula mezani nao wasijue sababu yake. Ni habari ya kuku aliyeshikwa na hamu ya kuatamia wakati usiotakiwa, na jinsi ya kumwachisha pasipo kumtesa.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka mmoja, baada ya mvua za vuli, tulikuwa na kuku majike watano. Kitindamimba wetu alikuwa ametoka kuugua homa, naye amedhoofika sana, tukamwahidi kwamba kila asubuhi atapata yai lake. Haikupita wiki mbili, kikapu cha mayai kikawa kitupu. Kuku watatu walikuwa wameacha kutaga kwa wakati mmoja, nao wamelala viotani mchana na usiku. Ukiwasogezea mkono walisimamisha manyoya, wakanguruma na kukudonoa. Tuliyaondoa mayai yaliyokuwa chini yao, tukasema, "Waacheni, watachoka wenyewe."

Hawakuchoka upesi. Wawili waliinuka baada ya wiki nyingi, wamekonda. Wa tatu tulimkuta amekufa kiotani. Tulipomwinua alikuwa mwepesi kama kapu tupu, na utitiri ukatutambaa mikononi. Mama wa nyumba yetu hakutulaumu kwa maneno mengi. Alisema tu, "Mwalimu, kuku huyu hakuwa na kosa. Alingoja vifaranga, nasi tulijua hakuna kitu chini yake." Maneno hayo yalituchoma, maana siku hizo zote mtoto wetu alikuwa akila ugali na mchicha mtupu, na kuku tunao.

Basi, tusimwite kuku huyo mvivu wala mkaidi. Wataalamu wametambua kwamba homoni iitwayo prolaktini, itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huzidi mwilini mwake. Ikizidi, kutaga hukoma, na kuku hutamani kulalia tu. Joto la kiota, giza lake, na mayai yanayomgusa kifuani huidumisha hamu hiyo. Ndiyo sababu kumwondolea mayai peke yake hakutoshi, kwa kuwa kiota chenyewe bado kinamwita.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Ya kwanza ni ya usiku: wenzake wakipanda kulala juu ya kichanja, yeye hubaki kiotani. Tena hunyonyoka manyoya ya kifuani, na undu wake huanza kupauka. Hutoka mara moja au mbili tu kwa siku, akala kwa haraka, akaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha akarudi mbio. Lakini angalieni: kuku aliyejikunyata, macho yamefumba, asiyejali hata akiguswa, huyo si mwenye kuatamia, yamkini ni mgonjwa, naye atengwe na wenzake.

Sasa twaeleza namna ya kumwachisha. Twaa tenga la kuchukulia kuku, au jenga tundu la fito lenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo, hata upepo upite chini ya tumbo lake, lakini miguu yake isipenye ikaumia. Usitie majani wala matambara ndani, asije akajifanyia kiota kingine. Litundike au liinue juu ya miguu minne, mahali penye mwanga na kivuli, kama chini ya mwembe, karibu na wenzake ili awaone. Mpe chakula cha kutosha na maji safi daima, kwa maana aliyekonda hawezi kutaga. Usiku liingize tundu ndani, kicheche na nguchiro wasimfikie.

Akae humo siku 3 au 4. Kisha mfungue asubuhi, umtazame. Akienda kuparura pamoja na wenzake, na jioni akapanda kichanjani, amekwisha kuacha. Akikimbilia kiota, mrudishe siku 2 nyingine. Ukimwahi siku ya kwanza au ya pili, kazi ni nyepesi. Ukimwacha wiki nzima, ni nzito. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kuacha, kwa kawaida hutaga tena katika wiki 1 hadi 3.

Wakati uo huo, choma majani ya kiota cha zamani, upake kuta zake majivu, na kumwekea kuku mahali pa mchanga mkavu uliochanganywa na majivu apate kujigaragaza. Kuku anayeatamia hujigaragaza kwa nadra, na kwa hiyo utitiri humzidia, ukamnyonya damu mpaka akafa, kama alivyokufa wetu.

Wako watu wanaomtumbukiza kuku katika maji ya baridi mara nyingi, au kumfunga kamba mguuni juani, au kumnyima chakula. Sisi twaona huo ni ukatili, tena si dawa ya hakika. Kinachotakiwa ni ubaridi wa upepo chini ya tumbo, mwanga, na kukosa kiota. Wala si maumivu. Na watoto wakituona tukimpiga kuku kwa sababu ya kutaka kuwa mama, watajifunza nini kwetu?

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila kuku aachishwe. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha hutaka kuatamia. Akiachiwa, atalalia siku 21, halafu atawalea vifaranga miezi 2 au 3. Ndiyo maana kwa mwaka mzima mayai yake huwa kama 40 hadi 60 tu. Kuku weupe wa namna ya Leghorn hutaga mengi kuliko hayo, na huatamia kwa nadra, kwa sababu wafugaji kwa vizazi vingi waliwachagua wasiopenda kulalia. Lakini mwenye hao peke yao akitaka vifaranga, sharti atafute mashine ya kuangulia au kuku wa jirani. Basi hamu ya kuatamia ni mali yetu; kazi yetu ni kuchagua wakati na kuchagua kuku.

Wakiatamia watatu kwa pamoja, mchague mmoja mtulivu, mwenye mwili mkubwa, aliyewahi kulea vizuri. Mpe mayai kiasi anachoweza kuyafunika yote, nayo yasiwe yamepita wiki 1 tangu kutagwa. Wenzake wawili waachishe siku hiyo hiyo. Hivyo utapata vifaranga kwa mmoja, na mayai ya kula na ya kuuza kwa wawili.

Tena kinga ni bora. Kusanyeni mayai mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Kama mwaogopa kuku atahama kiota, acheni yai moja lililotiwa alama ya mkaa. Lakini mwonapo kuku amelala juu yake usiku, liondoeni hilo nalo. Walimu wenye kuku shuleni waweza kuwapa wanafunzi daftari, waandike kila siku idadi ya mayai na kuku aliyelala kiotani. Watajifunza hesabu, tena watajifunza kutazama.

Nyumbani kwetu kazi hiyo sasa ni ya yule kitindamimba, ambaye amekuwa kijana mwenye nguvu. Kila jioni huenda bandani na taa, akapitisha mwanga viotani, akarudi na kumwambia mama yake, "Wote wako juu." Akisema, "Mmoja yuko chini," hatumwambii tena kwamba atachoka mwenyewe. Tunalishusha tenga usiku uo huo.

Nanyi, wenzetu, kabla hamjalala usiku wa leo, piteni bandani mkatazame.