Tumaini la Jino Jipya na Thamani ya Jino Lililopo

Wahenga walinena kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Hata leo, meno bandia na vipandikizi vya titani huziba nafasi iliyo wazi, lakini havina uhai wala hisia za jino la asili. Watafiti wa Japani sasa wanatafuta dawa ya pengo lenyewe.

Mwaka 2021 kundi la Katsu Takahashi wa Kyoto lilieleza jinsi kingamwili inavyoidhibiti USAG-1, protini inayozuia ukuaji wa meno. Panya waliozaliwa na upungufu wa meno waliota meno. Na fereti, mnyama mwenye meno ya utotoni na ya ukubwani kama binadamu, aliota jino la ziada. Mwaka 2024 majaribio ya usalama yalianza katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto kwa wanaume 30 wenye mapengo. Lengo ni dawa ipatikane mnamo mwaka 2030.

Habari hizo zastahili furaha yenye hadhari. Walengwa wa kwanza ni watu waliozaliwa bila meno kadhaa, si waliong'olewa magego yaliyooza. Aidha, bado haijathibitishwa kwa binadamu kwamba jino jipya litaota mahali panapotakiwa, kwa umbo linalotakiwa.

Hatari, hata hivyo, ni ya leo. Mgonjwa anayeamini kuwa meno yataota tena huenda akaliacha jino linalotibika liharibike. Anayeahirisha meno bandia akingoja sindano ya kesho hukosa kutafuna vyema sasa, na mfupa wa taya huendelea kupungua penye pengo. Kungoja nako kuna gharama.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa magonjwa ya kinywa huwapata watu wapatao bilioni 3.5. Wengi wao wanahitaji kwanza vitu vya kawaida: dawa ya meno yenye floraidi, sukari kidogo, na kituo cha afya kinachoziba jino badala ya kuling'oa tu.

Basi vyuo vya tiba vina wajibu wa aina mbili: kuufuatilia utafiti huo ili faida yake isibaki kwa matajiri pekee, na kuueleza umma bila kuficha kwamba, kwa sasa, jino bora kuliko yote ni lile ambalo halijang'olewa.