Dhahabu Isiyofika Makalini



Idd-ul-Hajj iliyopita shemeji yangu alimletea ami zawadi ya kisu cha kuchinjia. Alikiagiza kwa fundi wa ng'ambo, kikatengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mzee; mpini wa mpingo, na bapa zima likimetameta rangi ya dhahabu. Ami alishukuru, kisha akaketi uani na kinoo chake kama afanyavyo kila mwaka tangu sisi tungali wadogo. Alipomaliza, ukingo wa kisu ulikuwa chuma kitupu, dhahabu imeondoka. Shemeji akanuna, akiona mzee ameiharibu zawadi ya thamani. Ami naye akaninong'oneza kuwa kijana ameuziwa bati lililopakwa rangi. Siku ya furaha ikaingia doa.

Wote wawili walikosea, na kosa lao ndilo lililonisukuma kuuliza na kusoma. Visu vya namna hii, vya dhahabu na vyeusi, vimekwisha kuingia majikoni mwetu, na aghalabu anayevinunua ni mama wa nyumba.

Kwanza, ile si rangi ya brashi. Kisu hutiwa ndani ya chumba cha chuma kilichonyonywa hewa. Humo madini ya titani hugeuzwa mvuke kwa nguvu za umeme, kisha huingizwa gesi ya naitrojeni. Viwili hivyo huungana juu ya kisu na kufanya utando uitwao titani naitridi, ambao rangi yake ya asili ni ya dhahabu. Unene wake ni maikroni chache tu, mbili hadi nne hivi, ilhali unywele wa binadamu hukaribia maikroni 70. Lakini ugumu wake ni wa ajabu. Kwa kipimo cha Vickers, chuma cha kisu kizuri hufika kama 700, nao utando huo hupita 2,000. Ndio huo huo tuuonao kwenye keekee za dhahabu katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na hutumika pia katika vyombo vya upasuaji. Utando mweusi mara nyingi ni wa kaboni iliyoukaribia ugumu wa almasi. Nyembe za Gillette Mach3, zilizotoka mwaka 1998, zilitiwa utando wa jamii hiyo.

Mbona basi kitu kigumu hivyo kikaondoka kwenye kinoo cha ami? Kwa sababu kunoa ni kula chuma. Kila tunaponoa, twaondoa tabaka la ukingoni ili makali mapya yatokeze, na utando mwembamba kuliko unywele huondoka pamoja nalo. Hilo si kosa la mzee wala dalili ya wizi. Kazi ya utando ni kuyalinda mabapa yasikwaruzike na yasishike kutu upesi. Makali ni kazi ya chuma chenyewe.

Wako mafundi wanaotia utando upande mmoja tu wa ukingo, wakanoa upande wa pili. Hapo ni kama meno ya panya, ambayo mbele ni magumu na nyuma ni laini: sehemu laini hulika kwanza, ile ngumu ikabaki imesimama kali.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni moto. Mhunzi hukichovya kisu katika mafuta kingali chekundu, kisha hukipasha tena moto wa kadiri ili kisivunjike kama kioo. Vyuma vingi vya kaboni hupashwa kiasi cha nyuzi 200 tu. Utando wa dhahabu mara nyingi hutiwa kwa joto la nyuzi 400 na zaidi. Chuma cha namna ile kikiingia kwenye joto hili, hulainika. Nje dhahabu, ndani kisu kisichoshika makali. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hivyo anayeagiza kisu amuulize fundi maswali mawili: chuma hiki ni cha aina gani, na utando umetiwa kwa joto gani? Fundi mkweli hatakereka kuulizwa.

Visu vya bei rahisi vya rangi rangi ni habari nyingine. Vingi vyao vimepakwa rangi ya plastiki, na ikianza kubanduka, kisu hicho kisikaribie chakula.

Nasi tuishio pwani tusidanganyike kwamba utando umetuondolea kazi. Una vitundu vidogo visivyoonekana, na makali yako wazi kwa chumvi ya hewa na ndimu ya jikoni. Kioshwe, kifutwe kikauke, kisha kipakwe mafuta ya nazi kidogo kabla ya kurudishwa alani.

Tena tusisahau kisu cha kuchinjia ni cha nini. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kuwafanyia wema hata wanyama tunaowachinja, kwa kunoa kisu vyema na kutowatesa. Mnyama hatambui rangi ya bapa. Atambuacho ni makali.

Niliyaeleza haya mbele ya wote wawili. Ami alikichukua kisu, akakijaribu kwenye karatasi, ikakatika bila sauti. Akamgeukia shemeji akamwambia, "Mwanangu, chuma chako ni kizuri. Nisamehe kwa niliyoyasema." Shemeji akainama akambusu mzee mkono. Mwaka huu, inshallah, kisu hicho ndicho kitakachochinja.