Filamu zilizopigwa kwetu nasi tuzione

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku langu kuhusu filamu. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo. Ni fundi wa nyavu hapa Kirumba, Mwanza, na sinema nimezitazama kama walivyozitazama wananchi wengi: zamani gari la sinema likija kijijini na shuka jeupe likatundikwa, baadaye katika vibanda vya video, ambako Lufufu alitutafsiria filamu za nje kwa Kiswahili kitamu kuliko filamu zenyewe.

Lakini ziko filamu zilizopigwa hapa hapa kwetu ambazo watu wa hapa hawazijui, au wanazijua kwa kusimuliwa tu. Ya kwanza ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, ya mwaka 2004, ambayo wengi tuliiita filamu ya mapanki. Mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar huko Marekani, na mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafulia nchi jina. Mjini kila mtu akawa na maoni juu yake. Nami nilikuwa nayo, tena makali, na sikuwa nimeiona hata dakika moja.

Niliiona miaka kadhaa baadaye kwenye kompyuta ya mpwa wangu, watu sita tumebanana. Haikuwa na maelezo ya Kiswahili, hivyo mpwa ndiye aliyekuwa Lufufu wetu.

Nakubali kwamba filamu ile imetuonea. Mtu wa Ulaya akiitazama atadhani watu wa Mwanza chakula chao ni mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kuondolewa viwandani, kana kwamba hakujapata kuwapo sato wala dagaa ziwani. Mapanki tuliyala, sikatai. Mke wangu aliyakaanga na kuyauza, na fedha hiyo ilimsomesha mtoto wetu. Halafu kuna habari ya silaha. Mtengenezaji anawauliza marubani wa ndege za Ilyushin wanaleta nini wanapokuja kuchukua minofu, anauliza tena na tena, na mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola. Sasa Angola ni Mwanza? Hatuonyeshwi bunduki hata moja ikishushwa katika uwanja wetu wa ndege. Kwa tuhuma nzito namna hiyo tulistahili ushahidi.

Lakini yapo yaliyoninyima usingizi. Yupo mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, silaha yake upinde na mishale ya sumu, malipo yake kama dola moja kwa usiku. Anasema vita ikija si vibaya, maana jeshini kuna mshahara. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimewahi kulinda maghala, na mawazo kama hayo humjia mtu saa tisa za usiku.

Yupo pia dada mmoja aliyekuwa na marubani wale. Anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania mbele yao. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja wake, mgeni. Ndugu Mhariri, katika kelele zote za mwaka 2006 nilizozisikia mimi, za jina la nchi na za soko la samaki, sikumsikia mtu hata mmoja akimtaja dada huyu. Mimi mwenyewe, niliyebishana kijiweni mpaka jasho likanitoka, sikujua kama alikuwapo.

Filamu nyingine ni In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ya mwaka 2012, inayohusu wenzetu wenye ualbino. Hii sina ugomvi nayo. Inamfuata Ndugu Josephat Torner akizunguka kuzungumza na wananchi, hata akapanda Mlima Kilimanjaro, na inamfuata kijana wa Ukerewe ambaye hamu yake ni kusoma. Ukerewe ni mwendo wa meli wa saa tatu hivi kutoka hapa. Nimewauliza wavuvi wa huko wanaokuja kushonewa nyavu, na hakuna aliyewahi kuisikia.

Za zamani ndiyo usiseme. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, juu ya mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi, vijana wa leo hawaijui hata kwa jina.

Ombi langu kwa TBC, Bodi ya Filamu na maofisa utamaduni wa mkoa ni kwamba filamu hizi zitiwe maelezo ya Kiswahili na zionyeshwe bure kwa wananchi, na ile ya mapanki iwe ya kwanza. Atakayekasirika akasirike akiwa ameiona. Baada ya hapo watu waachwe waulize maswali, na wafanyakazi wa viwanda vya samaki wawepo pia. Viwanja vya Furahisha vipo, na watu watajaa.

Fundi Nyavu,
Kirumba, Mwanza.