Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Utafiti wa Kisayansi: Ituri nayo ipewe ufunguo wa supakompyuta

Mheshimiwa Waziri,

Kati ya tarehe 23 Aprili na 30 Mei 2021, zoni ya afya ya Fataki iliandikisha wagonjwa 117 walioshukiwa kuwa na tauni, na 13 kati yao walikufa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hesabu hizo. Sisi wa teritwari ya Djugu, iliko Fataki, tunaijua tauni tangu enzi za Wabelgiji: panya wanaanza kufa ndani ya nyumba, viroboto wanatafuta damu nyingine, na siku chache baadaye mtoto anashikwa na homa na mtoki unaouma kwenye kinena au kwapani. Ikiwahiwa inatibika kwa dawa za kawaida kama gentamisini. Ikishaingia mapafuni, mgonjwa anawaambukiza waliomzunguka kwa kikohozi, na bila dawa mapema hapati siku nyingi.

Nakuandikia juu ya jambo ambalo wengi watasema halituhusu hata kidogo sisi wa Fataki: supakompyuta.

Fuata safari ya sampuli moja. Muuguzi anachoma sindano kwenye mtoki, anavuta usaha kidogo, anaudondosha kwenye kipimo cha haraka, na baada ya robo saa hivi mstari umetokea au haukutokea. Hapo ndipo ujuzi tulio nao karibu unapokomea. Mdudu wa tauni, yaani bakteria anayeileta, ana jenomu ya herufi zipatazo milioni 4.6. Kuzisoma, kuzilinganisha na za wadudu wa nchi nyingine na kuona alipobadilika ni kazi ya kompyuta yenye nguvu na mtu aliyefundwa kuitumia. Hofu ya kwamba anaweza kubadilika akawa sugu haikuzuka hewani. Huko Madagaska, mwaka 1995, alipatikana mgonjwa ambaye mdudu wake alikuwa sugu kwa streptomisini na dawa nyingine kadhaa. Akitokea wa namna hiyo Fataki au kwa jirani zetu wa Rethy, nani kati yetu atakayemtambua?

Tena kuna kutafuta dawa mpya. Protini za mdudu zina vishimo, na molekuli inayokaa sawasawa ndani ya kishimo inaweza kumzuia asifanye kazi yake. Kuzijaribu mojamoja maabarani kunakula miaka na fedha. Supakompyuta inazipitisha kwa maelfu kwa hesabu tu, kisha inawaachia wanamaabara zile chache zinazostahili kujaribiwa kwa mkono. Mwaka 2020, mashine ya Summit iliyokuwa Oak Ridge, Marekani, ilipitia molekuli zaidi ya 8,000 dhidi ya virusi vya korona ikachuja 77. Hizo hazikuwa dawa bado, ila watafiti walijua pa kuanzia.

Nchi yetu imeshaishi hadithi ya namna hii. Ebanga, dawa ya Ebola iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020, ilitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika utafiti wa wagonjwa 681 ambao Profesa Muyembe na INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, walikuwa kati ya viongozi wake. Kati ya waliopewa Ebanga walikufa asilimia 35 hivi. Kati ya waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, karibu nusu. Mwanzoni tulitoa damu, mwishoni tukatoa wagonjwa na madaktari. Kazi ya katikati, ya kuchambua ile damu na kuigeuza dawa, ilifanyika Marekani na Uswisi. Sina kinyongo na walioifanya, maana wameokoa ndugu zetu. Lakini ile ya katikati ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Siombi mashine ijengwe Bunia. Ingekula umeme ambao hatuna. Ninachoomba ni ufunguo. Anayetumia supakompyuta anaweza kukaa popote: anaandika mistari michache ya amri, kazi inaingia kwenye foleni, hesabu zinafanyika kule kule data iliko, naye anarudishiwa majibu. Intaneti ya Bunia, pamoja na udhaifu wake, inaiweza kazi hiyo.

Milango ipo. Kampala, ambayo kwetu ni karibu kuliko Kinshasa, Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha bioinformatiki, yaani uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta, kilichozinduliwa 2019 katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza. Cape Town ilizindua supakompyuta ya Lengau mwaka 2016, na Kongo ni mwanachama wa SADC kama Afrika Kusini. Mtandao wa H3ABioNet, kuanzia 2016, ulifundisha bioinformatiki kutoka mbali: wanafunzi wa nchi nyingi walikaa katika darasa la kwao, na msaidizi wao pembeni, wakafuata somo lile lile. Hata walimu tunao. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wa INRB na wenzao walisoma jenomu 744 za virusi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Katwa kwenyewe.

Basi tufungulie darasa kama hilo katika Chuo Kikuu cha Bunia, lenye paneli za jua, nao wanafunzi wa ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, na wa Chuo Kikuu cha Shalom waruhusiwe kuingia. Tia saini mikataba na Makerere na Cape Town ili wanafunzi wetu wapate akaunti. Walipie masomo ya Kiingereza kwanza, kwa kuwa wamesoma kwa Kifaransa. Na nafasi za mwanzo wapewe wanamaabara wa Fataki, Rethy na Linga, wale wanaoushika usaha kwa mikono yao.

Utaambiwa kwamba watu wa Djugu wanataka amani kwanza. Ni kweli, nami naitaka. Tumekimbia mara nyingi, na makambini, ambako familia zinalala zimebanana juu ya sakafu yenye viroboto, tauni inapata nafasi zaidi. Lakini vita ndivyo vinavyonifanya niombe hivi. Maabara inaweza kuchomwa usiku mmoja. Kazi iliyohifadhiwa Kampala haichomwi Fataki, na kijana aliyekimbia akiwa na akaunti yake ataiendeleza popote atakapofikia.

Naomba jibu la maandishi kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa, na lisomwe pia kwenye redio za Bunia, kwa Kiswahili.

Kwa heshima,

Mwalimu wa biolojia, mzaliwa wa Fataki
Bunia, Ituri