Kisasi na Uhai

Haitajwi habari ya mauaji barazani ila husikika mtu akisema: "Lau wauaji wangalinyongwa, damu isingalimwagika." Neno hili lataka kupimwa kwa mizani, si kwa hasira.

Mwaka 1975 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Isaac Ehrlich, alidai kuwa kila auawapo muuaji mmoja kwa hukumu husalimika roho za watu wapatao wanane. Wenziwe wengi walizipinga hesabu zake. Hata mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo likatoa kauli kuwa utafiti uliokwisha kufanywa hauthibitishi kuwa adhabu hiyo yapunguza mauaji, wala kuwa yayazidisha, wala kuwa haina athari. Kanada iliifuta mwaka 1976, na mauaji hayakufurika.

Huenda Mwislamu akauliza: "Mbona basi Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 179, yakifungamanisha kisasi na uhai?"

Jawabu ni kuitazama aya iliyotangulia. Katika zama za Ujahili, kabila lenye nguvu likiuliwa mtu wake halikutosheka na muuaji. Lilitaka mwungwana kwa mtumwa, na wengi kwa mmoja, na vita vikarithiwa na wana. Sharia ikaweka mpaka: adhibiwe mwenye kosa, kwa hukumu ya kadhi. Kisha ikawafungulia mawalii wa marehemu milango miwili mingine, wa dia na wa msamaha. Na walii asameheye ameitwa humo ndugu wa muuaji. Basi uhai huo haumo katika hofu ya upanga peke yake, bali pia katika kukatwa mnyororo wa damu.

Hatukanushi kuwa hofu huzuia. Wafasiri wamelisema hilo. Lakini mtu huogopa adhabu anayoyakinisha kuwa itamfikia. Penye mashahidi wanaoficha ushahidi, na jamaa wanaomsitiri muuaji kwa kuwa ni wao, kitanzi ni kamba tu.

Na yako mauaji ambayo wengi hawayaiti mauaji. Mtu hupigiwa ukelele wa "mwizi!" njiani, watu wakamwangukia kwa mawe na moto, kisha kila mmoja akarudi kwake akidhani kuwa hana damu mikononi. Sayyidna Umar (R.A.) aliwahukumu kifo watu waliomuua mtu mmoja kwa kushirikiana huko Sanaa; wingi wao haukuwa udhuru.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kuidai serikali kitanzi, wafunzeni vijana wenu kwamba jiwe moja katika kundi laweza kuwa ndilo lililoitoa roho, na kwamba ushahidi wa haki hutolewa hata juu ya mwana wa tumbo. Hapo ndipo muuaji atakapokosa pa kujificha.

Wabillahi tawfiq.