Busta, Tangi la Juu na Uvumi wa Mpanda

"Tangi langu liko juu ya mnara, busta ya nini?" Dai hili ndilo linalowagharimu zaidi wenye mashine za RO, zile zinazolazimisha maji kupenya utando ili chumvi ibaki nyuma. Busta ni pampu inayoongeza presha ya maji yanayoingia kwenye mashine hizo. Maji yakipandishwa mita 10, unapata presha ya baa 1 tu. Aliyehifadhi maji ya mgao kwenye simtanki la mnara wa mita tano anapata nusu baa jikoni. Utando wa mashine ya nyumbani hupimwa kwa baa 3.5 hadi 4, na chini ya baa 2.8 hivi unaanza kusuasua. Ukitegemea kimo peke yake, mnara wako ufike mita 35! Chumvi nayo ina lake: maji ya kisima yenye miligramu 1,000 za chumvi kwa lita yanadai karibu baa 0.7 kabla tone la kwanza halijapenya. Nusu baa haifiki hapo. Fundi atalaumiwa, utando mpya utanunuliwa, na bomba litabaki kavu vilevile.

Wengine husema busta inapoteza maji. Ni kweli kwamba RO lazima imwage maji yaliyobeba chumvi, iwe na pampu au isiwe nayo. Lakini presha ikipungua, maji safi ndiyo yanayopungua huku ya kumwaga yakiendelea kutiririka. Tena vali ya kujifunga inategemea presha. Presha ikiwa dhaifu, vali hiyo huweza kubaki wazi, maji yakaenda mtaroni usiku kucha. Katika mji wa mgao kama Mpanda, hilo silivumilii.

Umeme? Mji ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli una haki ya kuuliza. Pampu nyingi za aina hii hutumia volti 24 na wati 30 hivi. Ikifanya kazi saa tano, ni uniti 0.15. Umeme ukikatika, maji yaliyokwisha kuchujwa bado yatatoka kwenye tangi dogo la mashine, kwa sababu yanasukumwa na hewa.

Dai la hatari ni kwamba pampu kubwa ndiyo bora. Pampu ya kupandishia maji kwenye tangi inaweza kupasua vikombe vya chujio. Nunua busta ya kipimo cha utando wako, yenye swichi mbili: moja inaizima tangi dogo likijaa, nyingine inaizima maji yakikatika. Muuzaji akikwambia hiyo ya pili si lazima, mwache. Pampu inayozunguka bila maji inaweza kuungua.

Na busta haisafishi chochote. Kati ya Novemba na Aprili, maji yakija na tope, chujio la awali ndilo linalolinda utando, na chujio la mkaa huondoa klorini inayouharibu. Busta hufungwa baada ya machujio hayo.

Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi afunge geji kwenye bomba la jikoni, kisha upeleke sampuli ya maji ikapimwe. Yasipokuwa na chumvi wala floridi iliyozidi, na tatizo likawa tope na vijidudu tu, yachuje na uyachemshe. Hapo huhitaji busta wala RO.